Mama Wambo Alivyoacha Sindano

Siku yangu ya kwanza kazini sikuinua chuma hata moja. Nilifika jimu ya Captain kule Kibera asubuhi, ukungu bado imelala juu ya mabati, na nilikuwa nimevaa vesti nikidhani naenda kuonyesha watu kifua. Captain ndiye alikuwa mwenye jimu, bondia wa zamani, mkono moja haikuwa inanyooka vizuri. Akaniangalia vile mtu huangalia ndizi kujua kama imeiva.

"Umekuja kufunza ama kupigwa picha?"

"Kufunza, Captain."

"Basi kaa hapo kwa benchi. Leo unasikiza watu wakihema."

Niliwaka. Mimi hasira yangu haibishi hodi. Lakini nilikaa, juu Captain alikuwa mtu ukimwangalia machoni unakaa. Na vile asubuhi ilikuwa inasonga, jua ikiingia kwa mashimo ya mabati kama kamba za mwanga, nikaanza kusikia. Kila mtu na pumzi yake. Kuna wa kupumua kama msumeno, kuna wa kupumua kama mtoto amelala. Nilifunga macho na ile chumba ikawa kama mnyama mmoja mkubwa anaota ndoto. Mpaka leo, nikiwa pahali pametulia, naisikia.

Nyinyi wadogo zangu mnaofungua jimu siku hizi na vioo kila ukuta, hebu niwaambie vile tulikuwa tunafanya. Vyuma zetu zilikuwa mikebe ya rangi imejazwa simiti, mbili kwa kila paipu ya maji. Ile nzito kabisa ilikuwa ekseli ya lori. Mtu akikuja, anaanza kwa kupasha mwili, yaani kuruka na kuzungusha mabega mpaka jasho ya kwanza itoke. Halafu seti. Seti ni kuinua mara kadhaa bila kuweka chini, unapumzika, unarudia. Lakini kabla ya hayo yote Captain alikuwa na maswali yake, na hakuna mtu alikuwa anagusa mkebe kabla ajibu. Umelala? Umekula? Kuna dawa unakunywa?

"Hiyo ya dawa inakuhusu nini, Captain?" nilimuuliza siku moja. "Sisi si madaktari."

"Sisi si madaktari," akasema. "Ndio maana tunauliza."

Watu walikuwa wanasema Captain ni mlevi. Wacha waseme. Mtu asiseme mbele yangu tu.

Kazi yenyewe nilijifunza kwake na kwa simu. Sikuenda koleji yoyote. Nilikuwa nakaa nje ya duka moja iko na waifai, naangalia video za misuli na mifupa, nikirudi namfanyia Captain mtihani. Nikikosea ananicheka. Nikipatia anasema, "Endelea."

Halafu siku moja akaniita kando. "Kuna mama huko Kawangware, Gatina, amejenga ploti ya ghorofa na anataka darasa ya kina mama juu ya paa. Ni mkali. Wewe pia ni mkali. Mkichomana mtajua wenyewe."

Huyo ndiye Mama Wambo. Alizaliwa hapo hapo, wakati Gatina ilikuwa bado mahindi na ng'ombe ya baba yake, na sasa pale ng'ombe ilikuwa inafungwa kuna nyumba za kukodisha mpaka ukizihesabu shingo inauma. Alikuwa anaishi floo ya pili ndani ya ploti yake mwenyewe, pamoja na wapangaji wake. Alikuwa mama mkubwa, mkubwa kabisa, na sauti ya kuitia watu kutoka barabarani. Alinipokea kwa mlango na mikono kiunoni.

"Wewe ndio kocha? Mbona mwembamba hivi? Kwani Waluhya wameacha ugali?"

"Ugali nakula, Mama. Ni nyinyi mnakula waru, hizo viazi zenu, mpaka ngazi inawashinda."

Wapangaji waliokuwa wanafua hapo wakaacha nguo kwa karai. Mama Wambo akaniangalia. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. "Utaanza Jumatatu, Wycliffe. Na ukinitukana tena, uwe umekula kwangu kwanza."

Na kweli nilikula kwake. Wakati nilifungiwa nyumba yangu ya Kibera juu ya deni ya kodi, alinipea chumba kwa ploti yake na hakutaka kusikia habari ya deposti. Mamangu akiwa mgonjwa kule Kakamega, ni yeye alikuwa ananiuliza kila asubuhi ameamkaje. Kwa hivyo mkisikia naongea juu yake, mjue mahali natoka.

Ile paa, siwezi kuwaelezea vizuri. Ilikuwa floo ya tano, wazi juu, na kila mahali kamba za kuanikia nguo. Wapangaji wakifua mashuka, sisi tunafanyia mazoezi katikati. Asubuhi kukiwa na baridi, vilima za Ngong hazionekani, mtaa wa Riruta unaonekana nusu, sauti za chini zinafika juu zikiwa zimechoka. Kina mama wananyanyua chupa za maji zimejazwa mchanga, shuka zinapepea, unaona mkono, halafu hauoni, unaona uso wa mtu anacheka, halafu nyeupe tupu. Saa zingine nilikuwa nasahau nimefikia hesabu gani. Nilikuwa nahisi tukiruka pamoja hatutarudi chini.

Mama Wambo alikuwa mwanafunzi kama wengine, ingawa paa ni yake. Alikuwa na presha. Alikuwa anakunywa tembe kila asubuhi, nilijua juu nilimuuliza ile swali ya Captain. Halafu daktari mmoja wa tao, kule mjini, akamwanzishia sindano ya kupunguza mwili, ile ya kujidunga tumboni mara moja kwa wiki. Vile alinielezea, hiyo dawa inafanya chakula ikae tumboni muda mrefu, na inaambia kichwa umeshiba hata kama sahani imejaa.

"Kocha, jana nimepikiwa mukimo," aliniambia, macho yake mbali. "Nimeiangalia tu. Ilikuwa kama picha ya mukimo."

Mwili ikaanza kuenda. Mwezi ikipita, nyingine ikiingia, Mama Wambo anapungua kama sabuni. Magoti yakaacha kulalamika. Akaanza kupanda floo zote tano bila kusimama, akifika juu anatungoja sisi. Presha ikashuka, daktari akampunguzia tembe, akamwambia arudi apimwe ndio waone. Furaha ya yule mama ilikuwa inapanda ngazi mbele yake.

Sasa, darasa yetu ilikuwa na desturi. Kuna mama wa mitumba ndiye aliianzisha. Mama akifika kilo alizotaka, analeta manguo zake kubwa zote juu ya paa, anazianika kwa kamba katikati ya mashuka, na wenzake wanachagua. Tunapika chai, kunaimbwa, ngemi, yaani vigelegele, zinapigwa mpaka watu wa ploti ya jirani wanatoka kuangalia. Tulikuwa tunaita kugawa. Ukishagawa umesema mbele ya watu kwamba hautarudi huko. Ilikuwa kitu tamu sana. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuuliza, na mwenye atarudi?

Siku ya Mama Wambo kamba zilijaa. Kitenge, suti za kanisa, magauni ya harusi za watu. Upepo ikiingia ndani ya zile nguo zinajaa, unadhani ni kina Mama Wambo wengi wanacheza hewani. Akasimama katikati, mwembamba, ndani ya dera mpya.

"Hii mwili imetoka na hairudi!" akasema. "Sindano nimeacha wiki iliyopita, ilikuwa inanitapisha, na sasa sina haja nayo. Na hizi," akatoa pakiti ya tembe za presha kwa mfuko, "hizi pia nimemalizana nazo. Mama Atis, si presha yako imepanda? Chukua."

Mama Atis wa floo ya tatu akapokea kwa mikono mbili. Ngemi zikapigwa. Nani angenyamaza siku kama hiyo?

Njaa ilirudi polepole. Mwanzo alikuwa anacheka akisema chapati zimeanza kumsalimia tena. Halafu akaacha kusema. Halafu akaacha kukuja darasa, mara ana wageni, mara ana fundi wa maji. Mimi nikaendelea na kina mama, lakini nilikuwa naona kitu. Kila siku kwa barabara ya Gatina nguo zake zilikuwa zinatembea. Ile suti ya zambarau inaenda sokoni. Ile kitenge ya ndege inabeba mtoto mgongoni. Na mwenye nguo amejifungia floo ya pili, mwili imerudi, hana ya kuvaa, na kila akichungulia dirishani anajiona akipita chini na sura ya mtu mwingine.

Nilikutana naye kwa ngazi asubuhi moja. Alikuwa anarudi tu kutoka nje, amepanda floo moja na nusu, na alikuwa amesimama anashika chuma ya ngazi. Mdomo wazi. Miguu imevimba juu ya viatu.

"Mama, uko sawa?"

"Naangalia hii rangi. Huyu fundi alinidanganya."

"Mama, rangi iko sawa. Wewe ndio hauko sawa. Ulipimwa presha lini?"

"Wycliffe, mimi si mtoto."

"Ulirudi kwa daktari?"

"Nirudi nimwambie nini?" Sauti ikavunjika kidogo. "Nimwambie nilipiga ngemi? Ngoja nipungue kwanza. Nikipungua nitaenda."

Hapo nikapandisha. Niliongea vibaya, kwa sauti, milango zikafunguka. Nilimwambia kama anataka kufa afie ploti ya mtu mwingine. Akanyoosha kidole mpaka ikagusa kifua yangu.

"Hiyo jimu yako funga leo. Nitafunza kina mama mimi mwenyewe."

Nilitoka mbio. Nilienda Kongo, mtaa wa hapo hapo Kawangware, kule ndani kuna kliniki ndogo ya nesi tunayemwita Sista, mama mpole wa kuongea na macho zimefungwa nusu kama mtu anakumbuka. Nilimwaga yote hapo kwa mlango. Aliniacha nimalize hasira, akanipea stuli.

"Sasa sikiza, Kocha. Wewe unafikiri ile sindano ilikuwa ya kilo peke yake?"

"Si ndio ilikuwa inapunguza?"

"Ilikuwa inapunguza, lakini pia ilikuwa inasaidia presha, inasaidia sukari, inasaidia mishipa ya moyo. Ni kama askari wa geti. Ukimfuta hauoni shida siku hiyo. Watu wanaingia usiku mmoja mmoja. Mwili inarudi, presha inarudi, mafuta ya damu inarudi, na moyo haina mtu wa kuichunga."

"Lakini alikuwa amepoa. Tembe zilipunguzwa."

"Zilipunguzwa akiwa na sindano. Aliacha sindano, zilifaa kuangaliwa tena, pengine kuongezwa. Ameacha zote mbili mara moja, na mwili inapanda." Akafungua macho kabisa. "Na alipatia nani tembe?"

Nikamwambia. Sista akaweka mkono kwa paji la uso. "Nyinyi watu wa paa. Huyo Mama Atis pia namtaka hapa leo. Dawa si gauni. Na Mama Wambo asiinue kitu, asipande ngazi mbio, asifanye lolote ya kukata mwili haraka. Amekataa kukuja? Kesho asubuhi nakuja mimi na mashine."

Asubuhi nilitangulia. Nilikuwa nimefukuzwa, ndio, lakini ufunguo ya paa bado ilikuwa kwangu na kina mama walikuwa wanakuja. Nikapanda. Mlango ilikuwa wazi. Ukungu ilikuwa nzito mpaka mashuka hayakuwa na mwisho, na ndani ya hiyo nyeupe nikasikia mtu anahema. Haikuwa pumzi najua. Ilikuwa fupi, fupi, kama mtu anabisha mlango na hakuna anayefungua.

Alikuwa Mama Wambo, anakimbia kati ya kamba. Tumbo na kifua amezifunga nailoni, ile karatasi ya plastiki watu wanajifunga wakidhani jasho ni mafuta, na juu yake sweta. Uso ilikuwa rangi ya majivu.

"Simama!"

"Toka, Wycliffe. Jumapili ni shukrani kanisani. Wote watakuja na nguo zangu. Wote. Mimi nitaenda na nini?"

"Nenda na shuka! Nenda na blanketi! Mama, simama!"

"Nihesabie raundi ama uende."

"Sihesabu. Nifute kazi, nitoe kwa nyumba, sihesabu. Sikuziki."

Akasimama. Nilidhani amenisikia. Alikuwa ameshika kifua, halafu shingo, halafu akaangalia mkono wake wa kushoto kama ni wa mtu mwingine.

"Kocha," akasema polepole, "mtu amekalia kifua yangu."

Nilimkalisha, mgongo kwa tangi ya maji, nikapasua ile nailoni na meno. Kina mama walikuwa wanafika, walisikia sauti yangu kutoka floo ya tatu. Sista alikuwa nyuma yao na mkoba wake. Alimfunga ile kitambaa ya mkono ya kupima presha, akaangalia namba mara mbili. Akampea tembe ya kutafuna na akasema neno moja tu: "Hospitali."

Floo tano, na hapaswi kutembea hata hatua. Mama Atis ndiye alivuta shuka kwa kamba, ilikuwa bado mbichi. Tukamweka ndani, tukashika pembe na kando, wanawake wa darasa yangu, wale nilikuwa nimewafunza kushuka na magoti bila kuumiza mgongo. Hakuna aliyepiga kelele. Tulishuka kwa ile ngazi ya giza na nilikuwa nahisi hatuendi chini, tunaogelea. Maji ya shuka inadondoka. Mtu anasema polepole, "Kona, kona." Mama wa mitumba alikuwa mbele na alikuwa amevaa ile suti ya zambarau, na Mama Wambo alikuwa ameikazia macho njia yote. Mpangaji mmoja wa kuuza maziwa akatoa gari yake, na tukaenda.

Ilikuwa moyo. Daktari alituambia upande mmoja ulikosa damu, na kama angemaliza zile raundi pengine tungeongea maneno mengine. Nilimuuliza kwa ukali kama ni sindano ilimfanya hivyo. Hakukasirika. Akasema hawezi kulaumu kitu moja, presha ni ya miaka, lakini kuacha kila kitu ghafla, mwili kurudi na kukaa bila kupimwa ndio ilifungua mlango. Akasema kama mtu anataka kuacha hiyo dawa, kwa sababu yoyote, kutapika ama nini, aseme, wapange pamoja. Kuna njia. Njia haikuwa ya kunyamaza.

Mama wa mitumba alikuja wodini na ile suti imefuliwa, imepigwa pasi. "Mama, chukua nguo yako."

Mama Wambo akaiangalia. "Umeipunguza kiuno."

"Kidogo tu."

"Sasa unaniletea ya nini, nivae kwa mkono?" Wodi nzima ikacheka, nesi akaja kutunyamazisha. Halafu Mama Wambo akalia, mara ya kwanza nikimwona, na mama wa mitumba akapanda kitandani na viatu akamshika.

Kugawa iliisha hapo. Hakuna aliyepitisha kanuni. Mtu akifika kilo zake tunamuuliza anaendelea na nini na ameacha nini, tunakunywa chai tu. Darasa ilishuka floo ya chini, pale pengine ng'ombe ilikuwa inalala, ili mwenye pumzi fupi pia aingie. Niliifunza miaka mingine kidogo, mpaka goti langu likakataa. Siku nilimwachia mwanafunzi wangu mmoja filimbi, nilikuwa sijafika hata thelathini na tano. Mnacheka nikisema nimestaafu. Chekeni. Mwili wa kocha unazeeka mbele ya kocha.

Sasa nauza viatu vya mitumba karibu na stage ya matatu, na bado watu wanaleta miguu yao na maswali yao. Msee anakuja anasema, "Kocha, nimeshuka kilo mob, kilo nyingi, nimewacha dawa yote, niko fiti." Zamani ningempigia makofi. Siku hizi naweka kiatu chini. Namuuliza nani alikwambia uache. Akisema ni yeye mwenyewe, namwambia aende kwa Sista leo, kabla ya kesho, na akibishana nampandishia mbele ya wateja. Ninapoteza wateja. Kilo ni kitu unaona kwa kioo. Moyo haina kioo, na mtu wa jimu asiyejua hiyo heri auze viatu kama mimi.

Mama Wambo amerudi kwa daktari, amerudi kwa tembe zake, na sindano wanaijaribu tena kwa kiasi ndogo, polepole. Moyo wake hautakuwa ule wa zamani, aliambiwa hivyo na hakufichwa. Asubuhi tunatembea naye, mimi na goti yangu na yeye na pumzi yake, tukielekea upande wa Riruta wakati barabara bado ni ya bluu na vibanda vimefunikwa. Hatuendi mbali. Tunapitwa na kila mtu, hata wazee wa kanisa. Pale kilima inaanza anasimama, ananishika mkono wa shati.

"Kocha. Sema ukweli. Nimenona?"

"Kidogo, Mama."

"Na niko hai?"

"Uko hai."

"Basi tembea."